Kofia Thelathini na Nne za Subira

Mzee Muhidini alikuwa fundi redio Mikindani, mji wa kale wenye magofu, na macho yake yalipoanza kuingia ukungu, binti yake Subira ndiye aliyemsomea rangi za nyaya. Mtoto wa miaka tisa huyo. Leo ana thelathini na mmoja, ni fundi kompyuta, na mpaka sasa akifungua mashine huanza kwa bismillahi, kisha anaangalia nyaya kabla ya kingine chochote.

Mimi namjua kwa sababu ya kikundi chetu cha kutarizi hapa Magomeni. Tuko wanawake tisa, na mimi ndiye ninayefungua mlango asubuhi, ninafagia na kuwasha mitambo. Tuna mashine mbili za kutarizi, kila moja inaendeshwa na kompyuta kongwe yenye Windows XP, mfumo wa miaka mingi iliyopita, maana programu ya mashine hizo haikubali kompyuta mpya. Mwenyekiti wetu, Bi Ashura, alitaka kompyuta tuziuze zote. Subira akatuomba tumwachie. Akachukua kompyuta ya tatu iliyokuwa inakaa bure, akaiwekea mfumo wa Linux usio na malipo, akaifanya seva, yaani ghala moja la michoro yetu yote.

Sasa, Alhamisi ile tulikuwa na kazi ya madrasa. Vijana thelathini na nne wamehitimu Kurani, na kesho yake baada ya sala ya Ijumaa kila mmoja avikwe kofia yenye jina lake. Jambo la mara moja katika maisha ya mtoto. Na kompyuta kongwe hazikutaka kabisa kufungua folda ya seva.

"Nyie watu wa Mikindani mnapenda magofu," Bi Ashura akamwambia Subira. "Adhuhuri ikiadhiniwa sijaona kofia, kazi naipeleka kwa fundi wa sokoni. Na mwenye mkokoteni wa chuma chakavu nimeshampigia simu, anakuja kubeba haya magofu yako."

"Nimekusikia, Bi Ashura. Nipe kiti tu."

Akakaa. Nikamuuliza kwa nini kompyuta hizi na seva hazielewani, akanijibu huku vidole vinakimbia: kompyuta hizi zinaongea lugha ya zamani ambayo wezi wa mitandao wameshaijua, kwa hiyo seva imekatazwa kuijibu.

"Kama bibi yangu wa Ziwani," nikasema. "Msalimie kwa Kiswahili cha redioni, kimya. Msalimie kwa Kimakonde, anakupa na kiti."

"Hivyo hivyo, Mama Hawa. Basi tuiruhusu seva ijibu Kimakonde, lakini kwa hawa wawili tu." Akachomoa na waya wa intaneti, ili mgeni wa nje asipate njia.

Folda ikafunguka. Ila ndani mlikuwa na orodha ya mwaka jana, aliyoiweka Bi Ashura mwenyewe kwenye seva saa mbili na nusu asubuhi akidhani ndiyo ya mwaka huu. Nikaketi kwenye kompyuta kongwe, nikaandika majina ya mwaka huu, nikahifadhi. Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Tukatega kofia kwenye mashine, mashine ikaanza kutatarika, ilipomaliza tukaivuta kofia tusome: Hassani Abdallah.

"Huyu si alihitimu mwaka jana?" Bi Ashura akauliza. "Ana masharubu sasa."

Nikaandika upya, nikahifadhi. Saa tano kasoro robo, akatoka Hassani tena.

"Kompyuta yako ina jini, Subira."

"Jini hajui kufuta faili akarudisha jingine. Hii ni kazi yangu mimi." Hapo akatueleza. Alikuwa ameipangia seva kwamba kila dakika kumi ilinganishe mafaili yake na ya kompyuta zetu. Mawili yakiwa na jina moja, lililoandikwa karibuni ndilo libaki, la zamani lifutwe. Lengo lake kazi yetu isipotee, na sasa ndiyo inapotea.

Akafungua daftari la seva, maana seva huandika kila inachofanya. Akasoma, akatazama pembeni mwa kioo cha kompyuta yangu.

"Mama Hawa, saa ya hapa aliirekebisha nani?"

"Mimi. Betri za ndani zimekufa, kompyuta zote mbili zilikuwa zimepotea saa. Nikaziweka sawa asubuhi. Ilikuwa saa moja na nusu, nikaandika moja na nusu."

Subira akajishika kichwa, akacheka mpaka ushungi ukamteleza. "Umeiweka sawa kabisa. Ila sisi tunahesabu saa tangu jua lichomoze, seva inahesabu tangu usiku wa manane. Umeandika majina saa nne, yeye kaelewa saa kumi za alfajiri. Anasema huyu mama kaandika watu wakiwa wamelala, Bi Ashura kaandika saa mbili na nusu, basi la Bi Ashura ndilo jipya."

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akanishika bega, akasema hata angelala hapo wiki nzima asingeliwaza hilo. Akasogeza saa mbele kwa saa sita, akaziagiza kompyuta zote mbili ziwe zinaiuliza seva saa kila zikiwashwa. Nikaandika majina mara ya tatu. Tukasubiri dakika kumi za seva zipite.

Mashine ikatatarika. Bi Ashura akaivuta kofia mwenyewe, akaisogeza dirishani, akasoma taratibu: "Abdulmalik Fadhili." Mtoto wa mwaka huu. Alhamdulillahi. Adhana ya adhuhuri ikaanza akiwa bado ameishika.

Tulipotoka kusali, mwenye mkokoteni alikuwa mlangoni. Bi Ashura alitazama huku na huku, kisha akamkabidhi meza moja ya chuma iliyokuwa imebaki na miguu mitatu.

"Na kompyuta, mama?"

"Kompyuta zipi? Hizo zina kazi."

Kofia ya thelathini na nne ilitoka kabla ya magharibi. Subira aliikunja yeye mwenyewe.