Hodi ya Nne

Harufu ya zulia lililolowa ikinipiga puani, hata leo, moyo unaruka. Tulipanga chini ya nyumba ya watu huko Brampton, Kanada, kidirisha chetu kikiwa juu karibu na dari, na majira ya baridi theluji ilikiziba kabisa. Mashine ya kufulia ilikuwa juu, kwa mwenye nyumba. Mama alinituma mimi, nami nilipanda ngazi na kikapu cha nguo. Alikuwa amenifunza kama alivyofunzwa kwao Morogoro: hodi ni tatu, usipokaribishwa urudi zako. "Ya nne ni ugomvi," alisema, "na sisi hapa hatuna wa kututetea. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Mara nyingi nilirudi na nguo chafu vilevile. Wenzangu waliogopa mbwa. Mimi niliogopa mlango uliofungwa.

Kisha kanisani kwetu akaja Anti Rehema. Watu walimwita mchora ramani, nami nikadhani anachora ramani za nchi, mpaka aliponionyesha nyumba iliyochorwa kama sufuria iliyofunuliwa kifuniko, vyumba vyote vikionekana. Akanipa penseli nichore kwetu. Nikachora chumba chetu, nikakijaza madirisha ya uongo. Hakunicheka. "Haya, jua linaingilia wapi?" aliuliza. Kila Jumapili baada ya ibada tuliketi hivyo, na taratibu nikaanza kutaka jambo ambalo sikuthubutu hata kumwambia mama: kuwa kama yeye.

Siku moja shule ilifungwa kwa theluji na mama alikuwa zamu hospitalini, basi Anti akanichukua kazini kwake mjini. Asubuhi hiyo alikuwa akienda kuwaeleza wakubwa mchoro wake wa maktaba. Chini, mlinzi alimwuliza kama amekuja kufanya usafi. Kwenye lifti alinong'ona maneno yake ya kuanzia, akakosea, akaanza upya. Mungu wangu, kumbe watu wazima nao huogopa! Kupitia mlango wa kioo niliwaona wamekaa mezani, hakuna hata mmoja aliyefanana nasi. Alibisha. Waliendelea kuongea. Akabisha tena, mmoja akatutazama, akageuza uso. Akabisha ya tatu. Nilijua wakimrudisha yeye, nami nimerudishwa. Mimi niliyezoea kumjibu mama kwa Kiingereza, Kiswahili kikanitoka chenyewe: "Anti, hodi zimeisha. Twende nyumbani."

Akainama, akanifunga kifungo cha koti. "Naogopa kuliko wewe, mwanangu," alinong'ona. "Lakini kazi yangu iko humo ndani. Nirudi nimwachie nani?" Akabisha ya nne, kwa nguvu, akafungua mwenyewe, akaingia nami kanishika mkono.

Leo nami ni msanifu majengo, mji huohuo. Asikudanganye mtu kwamba woga umeisha. Kabla ya kila mkutano huogopa vilevile, na mara nyingi mle ndani mweusi ni mimi peke yangu. Wiki iliyopita, ofisini kwangu, nilisikia mlango ukigongwa kidogo, nikadhani ni bomba la joto. Ukagongwa tena. Nikainua uso, nikaona kupitia mlango wa kioo binti mweusi, mwanafunzi, amekumbatia michoro yake kifuani, mguu mmoja umeshageukia lifti. Niliruka kitini hata kiti kikaanguka. "Karibu!" nilipiga kelele, kwa Kiswahili, kabla hajafika ya tatu. Sidhani kama alilielewa neno. Lakini aliingia.