Aliyenyata Mlangoni

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na kila gauni alilomshonea binti yake lilikuwa na mkono wa kushoto mrefu kuliko wa kulia. Binti alizaliwa na kigutu upande huo, mkono ukiishia kwenye kiwiko. "Dunia ina macho, mwanangu," mama alikuwa akisema, uzi mdomoni. "Usiipe cha kutazama." Kwa mapenzi hayohayo alimfundisha kuona haya pasipo na kosa, na anayemaliza haya yake pasipostahili huikosa siku anapoihitaji.

Binti alipofika chuo kikuu akaongeza shali juu ya mkono huo. Wenzake wakamwita Bi Shali.

Chini ya ngazi za maktaba palikuwa na stoo ya viti vibovu. Wanafunzi wenye ulemavu waliiomba, wakaifagia, wakaifanya chumba chao. Desturi yao ilikuwa moja: anayeingia husimama mlangoni akataja alichonacho na alichopungukiwa, ili asiyeona amjue, na wote wajue nani amfae nani.

"Nina masikio, sina macho," alizoea kusema Mwenyekiti wao, kijana kipofu aliyesomea sheria.

"Nina magurudumu, sina breki!" alidakia kila mara yule waliyemwita Dereva, wa kiti cha magurudumu, na chumba kizima kikacheka.

Bi Shali alisema tu, "Nina macho," akakomea hapo. Hakuna aliyemchimba.

Macho hayo ndiyo aliyomwazima Mwenyekiti. Kitabu cha sheria ya mikataba hakikupatikana kwa maandishi ya nukta nundu, basi kila jioni alimsomea kwa sauti. Siku moja kabla ya jaribio la sura tatu za kwanza, ilibaki sura ya tatu tu.

"Usijali, kaka," alimwahidi asubuhi. "Vipindi vikiisha, niko kwako."

Vipindi vilipoisha, wasichana wa darasa lake walimzonga, na pamoja nao kijana mmoja ambaye Bi Shali kwa muda mrefu alitamani amtupie jicho. Walikuwa wakienda bustanini kupiga picha. "Twende, shoga, tunakungoja wewe tu!"

"Nakuja sasa hivi," akajibu, akateremka ngazi haraka ili akamwombe Mwenyekiti radhi.

Mwenyekiti alikuwa peke yake, kitabu magotini, kimeshafunguliwa. Aliinua uso. "Karibu. Una nini, umepungukiwa nini?"

Nyuma ya Bi Shali vicheko vya wenzake vilikuwa vinateremka ngazi. Akijibu, watamsikia; wakimsikia, watauliza anafanya nini katika chumba kile. Alivua viatu, akavishika mkononi, akarudi kinyumenyume kwa ncha za vidole.

"Nani hapo?" Mwenyekiti aliuliza tena, akiuuliza mlango mtupu.

Kesho yake swali kubwa lilitoka sura ya tatu. Mwenyekiti alitoka ukumbini kabla ya wote, fimbo yake ikigonga ukuta. Bi Shali alimwona kwa mbali, akageuza njia, na huko akakutana uso kwa uso na Dereva.

"Shikamoo, bibi mkubwa. Leo viatu umevaa?"

Aliivuta shali juu ya mkono. "Nilikuwa na dharura, kaka."

"Dharura ya kupigwa picha! Nilikuwa pale kwenye kona ya ngazi, nikakuona. Mwizi huchagua nyumba isiyo na taa, dada yangu. Ungethubutu kumfanyia vile mtu anayeona?"

Bi Shali aliondoka akiyawaza hayo. Waliomkodolea macho tangu utotoni walikosa adabu tu. Yeye alikuwa amezidi: alichukua upungufu wa mwenzake akaufanya mlango wa kutorokea.

Jioni alisimama mlangoni pa chumba chao. Mwenyekiti alikuwepo, na Dereva, na wengine. Alivua shali.

"Nina macho," alisema. "Sina mkono wa kushoto. Na jana nilisimama hapahapa, nikakusikia, nikavua viatu nikaondoka."

Dereva, ambaye hakosi mzaha, aliinamia magurudumu yake.

"Najua," Mwenyekiti alisema. "Viatu ulivua. Na marashi yako je, uliyavua?"

"Nisamehe, kaka."

Hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alipapasa meza, akakisukuma kitabu upande wa Bi Shali. "Anza sura ya nne. Ya tatu imeshanipita."

Bi Shali akaketi. Akakikandamiza kitabu kwa kigutu, wazi mbele ya wote, akakifungua kwa mkono wa kulia. Alisoma hadi koo likamkauka, na kila alipogeuza ukurasa uso ulimwaka upya.