Katheluji ka Baba Shaun

Nahashon Cheruiyot hakusomea hali ya hewa popote. Kazi yake ni kukokotoa mishahara ya watu wengine, akiwa nyumbani kwake Scarborough, huko ughaibuni kwenye theluji, ghorofa ya juu, shati la ofisini juu na suruali ya kulalia chini. Lakini kila Jumapili baada ya ibada waumini wenzake humzunguka kumuuliza wiki itakuwaje, wakimpita mchungaji, ambaye utabiri wake ni wa mbali zaidi na bado haujathibitishwa.

Mwaka jana ulimharibia jina. Alitangaza dhoruba kwenye kundi la wasapu la kanisa, sherehe ya kumpongeza mchungaji ikaahirishwa, kisha siku hiyo likawaka jua ambalo watu walilipiga picha na kumtumia. Tangu hapo Nahashon akawa mtu wa "ka". Kila kilichotoka angani alikipunguza kwa mdomo: kabaridi, kaupepo, kamvua. Kimbunga chenyewe kingekuja kwake kingeondoka kikiwa kakimbunga.

Basi asubuhi moja mapema Novemba, kabla watu hawajafikiria hata kufunga tairi za theluji, ramani ya hali ya hewa kwenye kompyuta yake ilionyesha baridi ikishuka kutoka kaskazini kwa kasi, ikiifukuza hewa ya uvuguvugu mbele yake. Nahashon aliiona. Akakumbuka zile picha za jua, akarekodi: "Wapendwa, mchana kuna katheluji kadogo. Katapita tu."

Mkewe Jepkosgei, muuguzi, alikuwa mlangoni na funguo za gari. Alimuuliza kama apande basi, maana gari lilikuwa bado na tairi za kiangazi. Nahashon akamwambia hakuna haja.

Mchana kipimajoto cha kibarazani kilishuka kama mtu aliyekosa ngazi. Mvua iligeuka nyeupe ikiwa bado hewani. Jengo la pili likatoweka, kisha maegesho yote. Kwenye ramani, mkanda wa theluji ulikuwa umejilaza juu ya Agincourt, njia ya Jepkosgei ya kurudi, wala haukuwa na dalili ya kupita. Alikuwa ameshatoka kazini. Simu yake iliita tu.

Nahashon akaomba. Akamwahidi Mungu kuacha nyama choma, akaona ahadi haitoshi, akaongeza mpira wa Jumamosi. Akilini aliliona gari ubavuni mwa barabara, magurudumu juu, na ndani ya simu iliyoanguka sauti yake mwenyewe ikiendelea: katapita tu.

Simu ikalia.

"Baba Shaun, nimeteleza."

Gari lilikuwa limezunguka lenyewe, likasimama kwenye maegesho ya duka la sambusa la mzee Ghulamabbas. Jepkosgei hakuumia. Lakini sauti ilimtetemeka, naye ni mwanamke anayesafisha vidonda vya watu huku akisimulia harusi. Sasa alikuwa dukani na madereva wengine, wanabishana kama wavuke daraja la reli kabla hali haijazidi. Ng'ambo ya daraja ni nyumbani.

"Nije ama nikae?" akauliza. "Na usiniletee ka. Ukisema kuna katheluji, mimi nawasha gari."

Nahashon akatazama ramani. Akimwambia akae na jua litoke, kanisa zima litamcheka mpaka Pasaka. Akimwambia aje... hakuimaliza fikra hiyo.

"Kaa," akasema. "Ni theluji. Kubwa. Mama Shaun, naogopa."

Kisha akasikia simu ikiwekwa mezani na mkewe akiwatangazia watu kwamba huyu ni mume wake na anajua mambo ya hewa. "Rudia," akamwambia, "wasikie."

Akarudia, bila ka hata moja. Mzee Ghulamabbas akauliza, kwa Kiswahili chake cha Mombasa, kama ana hakika, maana kuna bwana mmoja hapa ameshavaa glavu.

"Mvueni," Nahashon akasema.

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasio na raha. Viti vikavutwa. Mtu akaagiza chai. Kisha, kutoka upande wa daraja, simu ikaleta mlio wa gari likigonga gari, bati kwa bati, taratibu, halafu jingine, halafu jingine tena.

Jepkosgei akaichukua simu. Nahashon alisikia pumzi zake.

"Usikate," akasema.

Hakukata.