Kinu Kilichotangaza Msiba

Mara ya kwanza Mselem kukutana na Venant, alikwenda kwake Liverpool, kitongoji cha Sydney, kununua mbao za paleti kwa bei ya kuni. Venant akamjibu kwamba yeye hana kuni, ana mbao, kisha akafunga geti bila hasira. Mselem, mtu wa Tanga aliyelianzisha duka lake la vitu vya mitumba pale Bankstown kwa godoro moja, aliondoka akimsifu moyoni. Kwa mtu asiyeshuka bei hununui kitu, lakini humsahau kamwe.

Akamkumbuka mwaka 2021, marufuku ya kutoka ya korona ilipolifunga duka. Wateja walitaka kuletewa vitu majumbani, naye hakuwa na gari. Huko Penrith alikuwako Mzee Dirk, Mholanzi wa miaka themanini na minane, aliyetaka kinu kidogo cha upepo uani, kimo cha mtu na nusu, mfano wa kile alichokitumia babake kutoa maji shambani. Atakayemjengea atapewa gari lake la mizigo. Mselem alilitazama mara moja tu. Akatafuta kibali cha ujenzi na kumpigia Venant.

Venant alikuwa seremala wa Uvira, Kongo. Kwao alitengeneza mabenchi ya kanisa. Katika kambi ya wakimbizi, milango ya makopo ya mafuta. Sydney ilimwambia vyeti vyake havitambuliki, ikampa kazi ya kufunga maboksi ghalani. Alikubali kujenga kwa malipo ya friza kubwa ya dukani kwa Mselem, ila kwa sharti moja: kinu kizunguke kweli.

Kwa wiki nne alichonga huku akimhoji mzee dirishani, barakoa usoni. Mzee alimweleza kwa nini kofia ya kinu, ile sehemu ya juu inayobeba mabawa, hugeuzwa kuukabili upepo, na jinsi vinu vya kwao vilivyosaga ngano, vikapasua magogo, vikakausha nchi iliyokuwa chini ya maji. Tena kinu kikipumzika, mabawa yake husema. Bawa likisimama kabla ya kufika juu, nyumbani kuna furaha. Likisimama limeshapita juu, kuna msiba. Mselem hakuyasikia hayo. Alikuwa akikagua matairi.

Zikabaki beringi ya kuzungushia mabawa na breki, na Mselem akaona zilivyo ghali.

"Bwana fundi, mzee anataka kutazama, hataki unga. Piga bolti, mabawa yasimame."

"Papa Mselem, kinu chenye bolti ni sanamu."

Venant alipokwenda zamu ghalani, Mselem akaipiga bolti mwenyewe, mabawa yakakaa yalivyokaa, moja limeshapita juu kidogo. Akapiga picha, akawatumia watoto wa mzee huko Uholanzi, wasije wakasema gari limetoka bure.

Watoto walitazama mabawa, wakapiga simu mara mbili. Mzee alikuwa amevua vifaa vyake vya kumsaidia kusikia. Mipaka ilikuwa imefungwa, na mwaka ule watu walikuwa wamekwisha kuzoea kuzikana kwenye skrini, kwa hiyo matanga yakafanywa kesho yake. Mpwa mmoja, kwa mazoea, akamtumia hata marehemu mwaliko.

Mzee akaingia bila kuwasha kamera, akasikiliza. Binti alilia dakika mbili. Mwana akauliza gari litauzwa wapi.

"Gari bado lina dereva," mzee akasema.

Asubuhi Mselem alifika kuchukua funguo, akamkuta Venant juu ya ngazi, amekwisha kuing'oa bolti, akitia beringi aliyoinunua mwenyewe. Mzee alitaka kujua ni nani kati yao aliyemzika. Venant aliendelea kukaza beringi; Mselem akayatazama matairi, lakini bolti ilikuwa na mafuta ya mkono wake.

Mzee alibaki na kinu kinachozunguka na wasia mfupi zaidi. Venant alipata gari, na friza pia, maana makubaliano ni makubaliano. Mselem hulikodi gari hilo Jumanne na Ijumaa, kwa bei isiyoshuka. Bolti aliondoka nayo, ilikuwa yake.