Masika Hayakufika Darsait

Siku ile nnaikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu juu hapakuwa na hata wingu moja. Mbingu nyeupe, jua kali, nami nimesimama kwenye wadi, mto mkavu, na ndoo mkononi, na jirani yetu yuko juu ya jabali ananipigia kelele nikimbie maji. Nilitazama juu. Maji gani?

Nnakuhadithia haya kwa sababu jana ulinijia na kitabu chako cha sayansi, umekunja uso, huelewi kwa nini mwalimu anatenganisha taqs na manakh, yaani hali ya hewa na tabianchi. Ukaniambia, "Bibi, si yote ni mvua na jua tu?" Usione haya. Mama yangu mimi aliyachanganya hayo mpaka anaingia kaburini, na alikuwa na akili kuliko mimi na wewe tukiwekwa pamoja.

Tulikuja huku Oman kutoka Unguja katikati ya miaka ya sitini, nami nimeshakuwa msichana mkubwa. Darsait wakati huo ilikuwa nyumba chache za makuti ya mtende, na majabali kila upande. Vitu vingi tuliviacha, lakini mama alikuja na mbegu za kunde, bamia na mchicha, amezifunga kwenye pindo la kanga. Alipewa na mamake, aliyebaki Unguja, na hatukujua kama tutamwona tena. Mbegu zile ndizo alizobaki nazo za mamake.

Mwezi wa tatu ikanyesha. Mvua ya kweli, mchana kutwa. Mama akatoka uani analowa na huku anacheka.

"Masika hayo! Si nlikwambia? Mwezi wa tatu ni mwezi wa tatu tu, popote uendapo."

Nikaamini, maana hata skuli Unguja tulisoma hivyohivyo, masika mwezi wa tatu, vuli kuelekea mwisho wa mwaka. Kesho yake mama akashuka kwenye wadi, ile njia pana ya mchanga na kokoto chini ya nyumba zetu, akakuta udongo umelowa, laini. Akashangaa watu wa huku wana nini, wameacha shamba zuri hivi bure, wamejazana juu ya mawe. Akapanda mbegu zote. Hakubakisha hata punje moja ya kunde.

Jirani yetu, Bi Thuraya, hakuwahi kutoka Oman wala hakujua Kiswahili. Alipopata habari alikuja mbio, nami nikakaa katikati yao natafsiri kwa Kiarabu changu cha kuungaunga.

"Mwambie mama yako, hapo si pa kupanda."

"Mwambie masika yameanza," mama akajibu. "Itanyesha mpaka mwezi wa tano."

"Nani kamwambia?"

"Kila mwaka ndivyo."

Bi Thuraya akanitazama mimi, kisha mama. "Mvua yenu inakuja kwa miadi? Yetu mwaka inakuja, mwaka haiji, na ikija haimwambii mtu."

Wakabaki wanatazamana, kila mmoja anamwonea huruma mwenzake. Mimi sikujua nimwamini nani.

Wiki zikapita, haikunyesha tena. Kila asubuhi mama alitazama juu akasema imechelewa tu. Kunde zilikuwa zimeshachipua, basi tukawa tunazimwagilia kwa maji ya kisimani. Ndipo ikafika siku ile ya mbingu nyeupe.

"Wadi jay!" Bi Thuraya alikuwa akipiga kelele. Wadi inakuja. Nilichanganyikiwa kabisa. Wadi nimesimama ndani yake, inakujaje? Akanyoosha mkono kuelekea milimani, mbali, na kweli huko kulikuwa kweusi. Mbona huko, na mimi niko huku? Kisha nikasikia mawe yanagongana. Mama alikuwa ameinama kwenye kunde zake. Nilimvuta mkono, akakataa. "Unakimbia nini? Hata wingu hamna!" Nikamkokota hivyohivyo. Tulipofika juu ya jabali, maji ya matope yakapita pale tulipokuwa, yamebeba mti mzima. Na sisi hatukupata hata tone, jua linatuwakia.

Mama alikaa akitazama mpaka maji yakapungua. Kisha akaniuliza polepole, "Mvua imenyesha wapi?" Nilimkumbatia, tukalia.

Nilikuja kuelewa baadaye. Hewa yenye unyevu ikikutana na milima hupanda, huko juu ikapoa, na mvuke wake ukawa matone. Jabali halinywi maji, basi yote hushuka na wadi kwenda baharini, yakakukuta wewe uliye kwenye jua. Hiyo ndiyo hali ya hewa, mambo ya siku, na huko milimani yanaweza kuwa tofauti kabisa na ya hapa. Masika ni mazoea ya mahali, miaka nenda miaka rudi, na hayo ndiyo tabianchi. Mama aliona mvua ya siku moja ya Darsait, akaidhania mazoea ya Unguja.

Bi Thuraya alimletea mbegu zake, akamwonyesha pa kupanda, karibu na kisima, majira ya baridi. Zikaota. Mama alishukuru, na bado kila mwezi wa tatu alitazama juu.

Mwaka aliokufa tulikuwa tumeshahamia Wattaya, ghorofani. Mwezi wa tatu, jua kali, akaniambia kutoka kitandani, "Anua nguo, masika hayo." Nguo zilikuwa zimekauka zamani. Nilikwenda nikazianua moja moja, nikarudi nikamwambia, "Nimeshaanua, mama." Akafumba macho, ametulia.

Basi mwanangu, usiihukumu nchi kwa siku moja. Waulize walioishi hapo miaka. Usitazame juu ya kichwa chako tu, tazama na milimani. Na ukimsikia mzee anangoja mvua ya nchi nyingine, usimsahihishe. Anua nguo. Mungu akujaalie mvua ya kiasi, na siku wadi ikija, ikukute umesimama juu, na mama yako umemshika mkono. Amin.