Niliozesha ndizi za harusi ya wifi yangu, mama mkwe akabeba aibu

Salaam wakuu. Mimi ni bibi wa miaka themanini na ushee, naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, mnivumilie. Haya ni kweli tupu, na sijawahi kumwambia mtu.

Enzi za Mwingereza niliolewa Mzenga, huku Kisarawe. Mama mkwe wangu alisifika kwa kuvumbika ndizi. Anachimba shimo, anatandika majani makavu ya mgomba, anapanga mikungu, anapuliza moshi, anafukia. Siku ya nne zinatoka njano tupu. Watu walisema ana mkono. Na shimo hafungui mtu ila yeye.

Ikaja harusi ya wifi yangu. Upande wa bwana harusi walikuwa wanatoka Dutumi, Kibaha, kwa miguu.

Mama akaniachia nipange mikungu, akanituma pia nikachume mapapai yaliyoiva. Nikaona uvivu kupanda. Nikayaangua kwa fimbo ndefu, yakadondoka matatu, yote yakapasuka.

Mimi mwenyewe nilikuwa na miezi mitatu tu tangu niolewe, niliogopa kuitwa goigoi. Nikayasukumia shimoni, chini ya ndizi. Mama alipouliza, nikasema ngedere wamekula.

(Papai lililopasuka, kwenye joto lile, haliozi peke yake. Nilijua. Msinitetee.)

Siku ya harusi wageni wako mkekani, mama akafukua. Ikatoka harufu ya pombe iliyochacha. Ndizi nyeusi, zinachuruzika maji, ukungu, funza.

Mama akawatazama wageni. "Mnisamehe wakwe zangu, mkono wangu umezeeka."

Nilikuwa nimesimama hapohapo. Nikainama kuokota majani ya mgomba.

Uozo ule tukaufukia shimoni. Mama hakuvumbika tena, na majirani waliacha kumletea mikungu yao. Kila nikimwona amekaa bure nilitamani ardhi inimeze, lakini mdomo haukufunguka.

Masika yalipokuja, pale shimoni ikaota mipapai.

Mama akasimama akaitazama, kisha akanitazama mimi. Akasema tu, "Ipalilie, mwanangu."

Ilipozaa, akawa ananiambia, "Nenda kachume mapapai yako." Mpaka anafariki hakuongeza neno. Mimi papai sili hadi leo.

Nilichojifunza wakuu: ukikosa, sema siku ileile, kabla halijachacha.

Kama nawe uliwahi kumwachia mtu aibu yako, andika hapa chini. Na kama bado yu hai, anza kwake kwanza. Mimi nilichelewa.