Unacceptable, na mbuzi tatu za ntheo

Kijana yangu wa kwanza alifanya kazi ya ofisi huko Salama, akarudi nyumbani na neno moja ya kizungu: unacceptable. Mimi sikusoma. Nilimwangalia tu.

Chai ikipoa, anatoa miwani, anavuta tumbo ndani: "Mwaitu, mama yangu, hii chai ni unacceptable." Halafu anakunywa mpaka majani. Kuku ikipanda kiti: "Unacceptable!" Anaifukuza, anakaa hapo hapo. Nikaelewa. Kitu mbaya unatupa. Kitu unacceptable unatoa miwani kwanza, halafu unakubali.

Sasa watu wa Kikima wakaja hapa kwetu Mutomo kuleta ntheo ya mjukuu wangu, binti yake huyo kijana. Ntheo ni mbuzi tatu, na moja lazima iwe dume. Bila hizo hujaolewa, hata uwe na watoto sita, na wetu tayari nguo zilikuwa hazifungi tumboni. Dume inachinjwa siku hiyo, pande mbili zinakula pamoja, imekwisha.

Wakashusha mbuzi kwa pikapu. Nikainama nikaangalia nyuma. Jike. Jike. Jike. Kila mtu kwao alifikiri mwingine ndiye ataleta dume.

Kijana yangu akasimama. Miwani ikatoka. "Unacceptable!"

Baba ya bwana harusi hajui vile sisi tunaishi. Akashika kamba, akasema na ile sauti yao ya milimani, polepole kama mtu amebeba mayai: "Haya. Tumesikia, mmekataa. Wacha turudi na mbuzi zetu."

Mjukuu wangu alikuwa mlango ya jikoni na trei. Akaanza kurudisha vikombe jikoni.

Nikamwambia huyo mzee, "Mkwe, kaa chini. Huyu akisema hivyo, ujue atakula."

Nikaenda kwa boma, nikatoa dume yangu, nikachukua jike yao moja. Kamba ya dume nikamwekea mkononi. "Sasa umeleta."

Ikachinjwa. Kijana yangu akapewa mbavu. Akaonja, akatoa miwani. Watu wa Kikima wote wakaacha kutafuna.

"Mwaitu, hii chumvi ni unacceptable."

Baba ya bwana harusi akaangalia ile sahani, akaniangalia mimi.

"Muongezeeni nyama," akasema.

Na mjukuu wangu, sasa bibi ya mtu, akamuongezea.